Shimo la Valfrid

Norrköping, Septemba 2

Mwongozaji mpya amewasili kutoka Stockholm na begi moja la nguo na jingine la vitabu vya mtu mmoja. Anaitwa Celsing. Ana miaka thelathini na kidogo, hanywi pombe, na hulitamka neno "ukweli" kama mchungaji anavyotamka "neema". Mwenye vitabu ni yule mzee Ekhammar, ambaye magazeti yalimtukana tangu nikiwa binti, na sasa eti Wajerumani wanamwiga hadi kikohozi chake. Msimu huu tunacheza tamthilia yake. Mimi ni mke, mchezaji mwenzangu Gottfrid Amberg ni mume. Wanaanza kwa kula, wanamaliza mume akiondoka. Hakuna mfalme, hakuna sumu, hakuna hata bastola.

Nimemwuliza mume wangu Valfrid anaionaje. Amesema supu inapoa.

Septemba 4

Mvua. Mto umejaa rangi ya viwandani, leo nyekundu.

Septemba 7

Mazoezi ya kwanza, na aibu ya kwanza. Celsing alitumiminia sote maji ya limau, akainua glasi yake. "Jamani, tuweke vyeo kando. Mimi ni Runar. Wewe ni Agda, wewe Gottfrid. Na wewe huko shimoni?"

Tilda, mvishaji wangu, alidondosha pini zake zote. Hata mtoto wa shule anajua kwamba watu huitana kwa vyeo na majina ya ukoo mpaka aliye mkubwa ainue glasi na kusema sasa basi. Mdogo hamtangulii mkubwa. Mdogo hungoja, na wengine hungoja hadi wanazikwa.

Shimoni yumo mume wangu. Valfrid ndiye mnong'onezaji wetu. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameketi chini ya ukingo wa jukwaa, amefunikwa kofia ya mbao ili watazamaji wasimwone, maandishi yako magotini mwake, na mchezaji akisahau neno yeye humrushia. Alitoa kichwa nje polepole kama kobe.

"Bwana Mwongozaji aniwie radhi," akasema. "Mkubwa hapa ni mimi, na glasi yangu sijaiinua."

"Hayo ni mambo ya kizamani!"

"Na mimi ni wa kizamani. Tuendelee. Ukurasa wa tatu, Bibi Rylander anaingia na viazi."

Amberg alicheka mpaka maji ya limau yakamtoka puani. Mimi niliona fahari juu ya mume wangu, jambo ambalo halijanipata siku nyingi.

Septemba 12

Celsing alitusomea dibaji ya mzee Ekhammar kwa sauti ya msikitini, kana kwamba ni Mturuki. Mzee anataka mengi yatupwe. Chumba cha jikoni kilichochorwa kwenye turubai na sufuria zake za rangi, kitupwe. Taa za chini zinazotumulika kidevuni, zizimwe. Mapumziko ambapo mabwana huenda kunywa pombe tamu na kusahau walichokuwa wakililia, yafutwe. Mchezaji asisimame mbele kuwaimbia watu, akitaka awape mgongo.

"Mgongo!" Tilda akaninong'oneza. "Bibi, na mimi niliyekupamba kifua miaka yote hii?"

Mwisho kabisa, shimo la mnong'onezaji. Mzee anasema mtu hawezi kuamini chumba cha jikoni ambacho sakafu yake ina kichwa cha binadamu. Celsing alisoma hilo bila kutazama chini. Valfrid alifungua ukurasa uliofuata.

Septemba 13

Jana sikuandika nililotaka kuandika.

Nyumbani sisi ni watu wa kimya. Valfrid husema yanayohitajika: kuni zimekwisha, mlango haujafungwa. Watoto hatukujaliwa, na tulipoacha kuwangoja tuliacha pia kuongea. Lakini ukumbini hali ni nyingine. Huko nimeambiwa "mpenzi wangu" na mume wangu mara nyingi kuliko mwanamke yeyote wa mji huu. Ameniambia "bila wewe nitakufa" na "macho yako yananiunguza", kwa sauti ile ya chini yenye joto, na kila mara lilikuwa neno la mimi kulipokea nimpe mwanamume mwingine jukwaani. Sikuwahi kujifunza sehemu yoyote hadi mwisho. Ya nini, na yeye yupo?

Wakilifunika shimo hilo, sijui tutazungumzia wapi.

Septemba 20

Samaki wa chumvi na viazi. Valfrid anamenya, mimi natazama.

Oktoba 3

Nilijiandaa kuichukia tamthilia hii. Sasa nakiri, kwa uchungu, kwamba ni nzuri. Katika tendo la kwanza mke anamtazama mume akimenya viazi na kusema, "Siku moja utakata gumba lako nami nitafurahi, kisha nitalifunga." Mzee Ekhammar hajawahi kukanyaga jikoni mwangu. Nani kamwambia?

Celsing hanipi raha. "Bibi Rylander anaimba," anasema. "Nyumbani huombaje chumvi?"

"Siombi. Hunisogezea kabla."

"Akikusogezea, unasema nini?"

"Sisemi."

"Basi tucheze hivyo."

Tulicheza hivyo. Nilichukua chumvi kutoka mkononi mwa Amberg bila kumtazama, na ukumbi mzima, yaani Tilda na maseremala wawili, ukanyamaza. Tangu nianze kazi hii watu wamenipigia makofi kwa kulia, kuzimia na kufa. Leo nilichukua chumvi tu. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kama msichana, nikamtafuta wa kumwambia.

Oktoba 11

Ukungu asubuhi, ukungu jioni.

Oktoba 17

Kumbe ukweli ni kama mgeni wa kula. Ukimpa kiti atauliza kitanda.

Amberg alishindwa onyesho la kahawa. Anakunywa kama kapteni wa meli, kifua mbele. Celsing akanigeukia. "Mume halisi hunywaje?" Nami, kwa sababu siku hizi napenda kusifiwa na kijana huyu, nikamwonyesha. Nilibana kipande cha sukari katikati ya meno, nikamimina kahawa kwenye kisahani, nikaivuta kwa mlio ule wa mfereji, kisha nikajifuta masharubu nisiyokuwa nayo, mara mbili, kushoto kwanza.

Amberg ni mwigaji hodari. Alipokinyanyua kisahani hakuwa Amberg tena. Alikuwa Valfrid Rylander mzima mzima, hadi ile pua inayotoa pumzi baada ya kumeza. Maseremala walijishika mbavu. Tilda alicheka, kisha akajiziba mdomo. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaiona ile kofia ya mbao na giza lililo chini yake.

Amberg akasahau mstari uliofuata, akangoja, na ule mstari ukaja kutoka shimoni, safi, kwa wakati wake: "Nimeshiba, mke wangu."

Oktoba 18

Leo asubuhi Valfrid amekunywa kahawa yake bila sukari, kwenye kikombe.

Oktoba 19

Kikombe tena.

Oktoba 26

Ilikuwa vilevile. Nilimsogezea bakuli la sukari. Akasema, "Asante, Bibi Rylander." Nikakasirika, nikamwambia kama mtu mzima anaona haya kwa sababu ya sukari basi na aone. Nilipaswa kusema jambo jingine, na nilikuwa nalo mdomoni.

Novemba 2

Maseremala wamelipigilia shimo mbao. Valfrid aliinama akatoa mto wake wa kukalia, taa yake ndogo na shali niliyomfumia mwaka ule wa baridi kali. Celsing alimfuata, uso mwekundu. Si mtu mbaya yule, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

"Bwana Rylander, nimefikiria. Kuna kazi ya kupiga kengele ya mapumziko."

"Mapumziko mmeyafuta," Valfrid akasema.

Celsing alijipiga kipaji cha uso. Hakuwa amelikumbuka. Tilda alimbebea Valfrid mto hadi mlangoni huku akinikata jicho, kana kwamba mimi ndiye niliyeshika nyundo.

Novemba 9

Saa kumi alasiri giza tayari. Theluji ya kwanza, ikayeyuka, ikawa matope.

Leo ni Alhamisi, supu ya njegere. Katikati ya supu Valfrid alisema kikundi cha Hjertstedt kinamtaka. Kinazunguka miji ya kaskazini kisha kinavuka kwenda Finland, kinacheza tamthilia za zamani zenye wafalme na misitu ya turubai, na kina shimo. Wanaondoka mwanzo wa Desemba. Akienda, atakuwa njiani mwaka mzima, na umri wake ni ule ambao mtu akiondoka hivyo harudi. Tulijua wote wawili bila kusema.

"Umewajibu?" nikauliza.

"Bado."

"Unangoja nini?"

Alinitazama. Alinitazama kama anavyomtazama mchezaji aliyenyamaza, akipima kama amesahau au anavuta pumzi. Ni kosa kubwa kumnong'onezea mtu anayevuta pumzi, aliwahi kuniambia. Basi akangoja.

"Wewe ndiye unayejua," nikasema.

Alimaliza supu.

Novemba 10

Ni yeye aliyepaswa kusema hataki kwenda. Mwanaume anayetaka kubaki hubaki, haulizi ruhusa juu ya bakuli la njegere. Mimi sikumpigilia mbao. Na kama ni kosa langu, je, yeye hana mdomo? Ana mdomo kuliko sisi wote, ni vile tu kwamba haujawahi kusema lake.

Novemba 16

Sehemu yangu haishiki kichwani. Nasoma nikitembea, nasoma nikioga. Zamani neno likipotea nilikuwa natupa jicho chini, na tazama, limekwisha fika. Sasa natupa jicho chini naona mbao mpya.

Mwisho wa tamthilia, baada ya yote waliyotendeana, mume anavaa koti. Mke anasema neno moja: "Usiende." Mume anaenda. Hilo angalau sitalisahau, hata kasuku angeliweza.

Novemba 22

Mazoezi yalikwenda vizuri. Celsing alilia. Nilimletea Valfrid habari hiyo, akasema vijana wa siku hizi hulia kwa urahisi.

Novemba 25

Onyesho la kwanza ni leo. Naandika nikingoja Tilda alete nguo, ili mikono itulie.

Valfrid alikuja chumbani kwangu kama kila onyesho la kwanza tangu tuoane. Alitema mate hewani mara tatu, akanigeuza, akanipiga goti la makalioni. Ndiyo heri yetu sisi watu wa jukwaa, na mpigwaji hajibu. Asipojibu, heri inabaki ndani. Akisema asante, ameifukuza. Wanaoanza kazi hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kutembea.

Na mimi, sijui nilipatwa na nini. Nilimwona amevaa koti lake la Jumapili, amenyoa, anakwenda kuketi kati ya watazamaji kama mgeni, na mdomo wangu ukasema, "Asante, Valfrid."

Tilda alipiga yowe. Alikimbia kugonga mbao, akanizungusha, akanitemea mate yeye mwenyewe. Valfrid alisimama pale amepauka.

"Haidhuru," akasema, akatoka.

Novemba 26

Nitaandika yote, kwa mpangilio wake.

Ukumbi ulijaa. Valfrid alikaa safu ya tatu, upande wa kulia. Sikufikiria kabla kwamba hajawahi kuniona kutoka mbele. Miaka yote ameniona kutoka chini: viatu, pindo la gauni, kidevu. Nilicheza kwa ajili ya safu ya tatu. Nilichukua chumvi. Nilisema ya viazi na gumba, wanawake wakaguna. Amberg alipokunywa kahawa yake watu walicheka kwanza, kisha wakaacha. Nilisikia wanavyoacha, kila mmoja akikumbuka wa kwake nyumbani. Mzee Ekhammar ni shetani, lakini anasema kweli. Sijawahi kucheza vile na sitacheza tena.

Amberg akavaa koti. Akafika mlangoni. Akageuka.

Neno halikuwapo.

Si kwamba nililizuia. Naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayeniamini: lilikuwa limepotea kabisa. Neno moja, la kasuku. Nikatupa jicho chini, mbao. Nikainua macho, safu ya tatu. Valfrid alikuwa amekaa wima. Alijua. Siku zote anajua, huku analo tayari kwenye ulimi. Nilimtazama mdomoni kama nilivyomtazama maisha yangu yote, nikingoja ufunguke. Alikuwa karibu, pumzi tu ingetosha, ningeikamata.

Aliubana mdomo. Niliona misuli ya shavu lake.

Amberg alingoja hadi jasho likamtoka, akafungua mlango, akaondoka. Taa zikazimwa. Watu wakakaa gizani kwanza, kisha ukumbi ukapasuka kwa makofi. Celsing alinikumbatia. "Kimya kile!" alikuwa akisema. "Kimya kile!"

Gazeti la leo linasema hivyo hivyo. Mwandishi, ambaye juzi tu alimwita Ekhammar mwendawazimu, anasema kimya cha Bibi Rylander ni mlango wa sanaa mpya, na kwamba Stockholm wana la kujifunza kwetu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakuwahi kusema utamwangukia nani.

Nilimsomea Valfrid akivaa viatu. Nikamwuliza, "Ulilijua neno?"

"Nililijua."

"Na uliniona."

"Nilikuona. Uso wako wote. Sikujua una uso wa namna ile, Agda."

"Basi kwa nini hukunipa? Miaka yote umenipa kila neno!"

Alifunga kamba za kiatu kimoja, akahamia kingine. "Kila neno," akasema. "Nimekunong'onezea unipende, nimekunong'onezea ufe. Lakini lile siwezi kukunong'onezea mimi. Jana uliniambia asante. Nikasema moyoni, anafunga hesabu. Halafu nikasema, ngoja, mwishoni atanitazama, nione."

"Nilisahau, Valfrid. Haki ya Mungu, nilisahau tu."

"Inawezekana," akasema. Alikwenda posta kumjibu Hjertstedt.

Novemba 27

Celsing amelikata neno. Amelipiga mstari kwenye maandishi mbele yetu sote na kusema atamwandikia mzee Ekhammar, naye mwenyewe atakubali, maana kimya kimemzidi. Amberg alipumua. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Novemba 29

Hili nitalimeza vipi? Valfrid alimwalika Celsing nyumbani. Kijana alikuja na kofia mkononi, akijua anakuja kutukanwa. Valfrid alitoa ile chupa ya pombe tamu tuliyopewa harusini, akamjazia glasi, na Celsing, asiyegusa tone, akaipokea.

"Mimi ndiye mkubwa," Valfrid akasema. "Sasa nainua. Jina langu Valfrid."

"Runar," kijana akajibu, macho yamejaa maji.

"Ulikuwa sahihi, Runar. Nilikaa kule mbele nikaona. Mimi pale chini ningeuharibu mchezo. Yule mwanamke hahitaji mtu wa kumpa maneno."

Wakanywa. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani ya biskuti. Nilitaka kusema ninahitaji, ninahitaji mno, tazameni, hata hili siwezi kulisema. Celsing akanitabasamia kwa heshima, akadhani nafanya kimya changu.

Desemba 2

Stesheni. Theluji kavu, nzuri ya kutembea juu yake. Kikundi cha Hjertstedt walikuwa wanaimba ndani ya behewa. Valfrid alisimama mlangoni na mto wake kwapani.

"Umechukua soksi za sufu?" nikamwuliza.

"Nimechukua."

"Na dawa ya kifua?"

"Nayo."

Alingoja. Naapa alingoja, hata mkuu wa treni alipopuliza filimbi alikuwa bado ananitazama na midomo imefunguka kidogo, kama mtu anayesoma mstari mmoja mbele ya mchezaji. Neno lilikuwapo safari hii. Lilikuwa pale kooni, zima. Nilikuwa nangoja nipewe ishara.

Desemba 3

Kahawa. Nimetoa vikombe viwili na bakuli la sukari kwa mazoea.

Desemba 8

Ukumbi umejaa tena. Watu wanatoka hata Linköping kuja kusikia ninavyonyamaza.

Desemba 14

Jana ilikuwa mara ya mwisho kwa mwaka huu. Amberg alivaa koti, akafika mlangoni, akageuka. Watu waliacha kupumua, maana wote wamesoma gazeti, wanajua hapa ndipo panaponyamazwa.

Nikasema, "Usiende."

Sikuigiza. Sauti ilitoka mbaya, yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamshwa. Maskini Amberg alishtuka, akauachia mlango. Aliliangalia lile koti alilovaa. Nadhani kama si kumwogopa Celsing angelivua, akarudi mezani kwenye viazi. Kisha akaondoka kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa.

Makofi yalikuwa machache. Celsing alinifuata nyuma ya jukwaa, akanishika mkono kwa upole wake wote.

"Agda," akasema, "neno lile tulishalikata."